Hadithi ya Mnyonya Damu wa Sussex

Msomaji, yamkini umekwisha kusikia habari za mumiani. Neno hili hapo kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi, mfano wa lami, na wengi walisadiki kuwa imefanyizwa kwa damu ya watu. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu aitafutaye damu hiyo. Zama za ukoloni, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, hata wazimamoto walishukiwa kazi hiyo, na masimulizi ya namna hiyo yalikusanywa na mwanahistoria Luise White katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Hadithi tutakayoipima hapa ni ya Uingereza, lakini hofu iliyomo ndani yake si ngeni kwetu.

Mtungaji wake ni Arthur Conan Doyle, na mpelelezi wake ni Sherlock Holmes. Ilitoka gazetini mwaka 1924, ikaingizwa katika kitabu mwaka 1927. Siku hizi riwaya na filamu za wanyonya damu huanza na maiti, zikafuatwa na maiti wa pili na wa tatu, na askari wakamsaka muuaji kati ya vijana wavaao nguo nyeusi na kujifanya wafu wa usiku. Katika hadithi ya Doyle hafi mtu hata mmoja. Hata hivyo nadiriki kusema kuwa yatisha kuliko nyingi za zile zenye maiti, na nitaeleza sababu. Siwezi kufanya hivyo pasipo kuifichua siri yake. Asiyependa kuharibiwa utamu na akaisome kwanza, kwani ni fupi.

Robert Ferguson, dalali wa chai, ana mke wa pili aliyetoka Peru. Wana mtoto mchanga ambaye bado hajatimiza mwaka. Mume anaye pia mwana wa mke wa kwanza, Jack, kijana wa miaka 15 mwenye kilema cha uti wa mgongo. Siku moja yaya anamwona mama ameinama juu ya mtoto wake, mdomo u shingoni, na pale shingoni pana jeraha. Kisha baba naye aona kwa macho yake: mke ainuka kitandani pa mtoto na damu midomoni. Aulizwapo, hajibu neno. Ajifungia chumbani, augua, wala hataki kumwona mumewe. Zaidi ya hayo, amempiga Jack mara mbili. Ushahidi gani wapungua hapo?

Tazama ustadi wa mtungaji. Hakuna shahidi asemaye uongo. Yaya aliona kweli, na baba aliona kweli. Damu ni damu, na mdomo ulikuwa shingoni. Lililo la uongo ni jina ambalo watu wamelipa tendo hilo. Mama hakuwa akinyonya damu ya mwanawe. Alikuwa akinyonya sumu aitoe. Jack, kwa wivu wa baba yake kumpenda mdogo, alikuwa amemchoma mtoto kwa mshale wenye sumu, uliotoka katika silaha za Amerika ya Kusini zilizotundikwa ukutani mwa nyumba hiyo.

Holmes aanza mahali ambapo mume hakuweza kuanza. Tangu awali akataa kuwa wafu hutoka makaburini; akiisha kulifunga jambo hilo, humbidi aulize: mtu hai aweka mdomo juu ya jeraha kwa sababu gani? Swali hilo ni dogo, lakini hakuna mtu nyumbani aliyeliuliza. Afikapo Sussex hatafuti fikira mpya, bali vitu vya kuithibitisha fikira aliyokuja nayo: podo tupu kando ya upinde mdogo, na mbwa aliyepooza miguu ghafula, kwa maana sumu ilijaribiwa kwake kwanza.

Mahali pazuri kupita pote ni pale baba ampakatapo mtoto, na Holmes akaukaza uso kuelekea dirishani. Watson, msimulizi wetu, ashangaa, kwa kuwa nje hamna kitu cha kutazamwa. Kumbe kioo cha dirisha kilikuwa kikionyesha uso wa Jack, aliyedhani haonekani na mtu, nao umejaa chuki. Hapo Doyle atutendea haki nusu: atwonyesha mpelelezi atazamako, atuficha aonacho. Wako wasemao kuwa hiyo ni hila. Mimi naona imetosha, kwani msomaji mwangalifu apewa dirisha, na kazi ya kuuliza juu yake ni yake mwenyewe.

Sasa kwa nini nasema hadithi hii yatisha? Kwa sababu mwanamke yule alikuwa karibu kupotea, na kosa lake ni kumwokoa mtoto. Ni mgeni katika nchi, wa dini nyingine na desturi nyingine, na mumewe mwenyewe akiri kuwa kuna pande za tabia yake asizozijua. Jina la mnyonya damu humshika upesi mtu wa namna hiyo. Nalo huua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, ulienea uvumi wa wanyonya damu. Makundi yakawaua watu kadhaa walioshukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Wauaji wa mfululizo huo walikuwa jirani waliokuwa na hofu, nao walikwenda pamoja, wakijiona walinzi.

Kasoro zimo. Mbwa hasadikiki: sumu ya mishale ile, ikizidi, huzuia pumzi na kuua, na isipoua huisha mwilini, haimwachi mnyama akiburura miguu kwa miezi. Kimya cha mama nacho chatutaka imani kubwa. Twaambiwa hakutaka kumvunja moyo mume ampendaye Jack mno. Je, mama angenyamaza na hali mwenye mshale angali anazunguka nyumbani? Alimwacha mtoto mikononi mwa yaya, ni kweli, na yaya alikuwa amekwisha kuambiwa siri. Lakini mume hakuambiwa neno. Hapa mtungaji alihitaji kimya ili hadithi isiishe mapema. Tena, kumfanya kijana mwenye kilema kuwa mbaya wa kisa ni desturi mbovu ya vitabu vya zamani, ijapokuwa Doyle ampa Jack sababu ya kibinadamu, naye Holmes hamtaki gerezani: ashauri apelekwe baharini mwaka mmoja.

Ukilinganisha na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapwa mwaka 1960, utaona undugu: kiko, rafiki wa kuulizwa, na mahali ambapo watu wataja mzimu naye ataka kujua ni mkono wa nani.

La ajabu ni kwamba Doyle mwenyewe alisadiki mizimu. Alihubiri habari za kusema na roho za wafu, na safari yake ya mahubiri ya mwaka 1928 hadi 1929 ilimfikisha hata Kenya. Mwaka 1922 alikuwa ametoa kitabu cha kutetea picha za vijitu vya mwituni vyenye mabawa, zilizopigwa na wasichana wawili wa Uingereza. Miaka miwili baadaye akampa Holmes maneno ya kuwafukuza mizimu mlangoni. Alijua kuwa mpelelezi wake angekufa siku ile ambayo angekubali jibu la namna hiyo.

Kisa chaanza kwa barua ya kampuni ya wakadiriaji wa mitambo wakimpelekea Holmes shauri la wanyonya damu, chaisha kwa jibu lake kwao: mistari michache, kwamba jambo limechunguzwa na limekwisha vema. Jina la Jack halimo.