M-Pesa: Uamuzi wa Kuacha Mkopo

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, haikubuniwa ili kijana wa Nairobi amtumie mama yake pesa. Ilibuniwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Huduma hii inaposifiwa kwenye semina na makongamano jambo hilo huachwa nje, na mimi naona ndilo lenye faida zaidi kwa meneja yeyote anayetaka watu wake wabuni.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, iliyochangia karibu pauni milioni moja kupitia mfuko wa kushindania, na Vodafone nayo ikaweka fungu lake. Ndani ya Vodafone aliyelisukuma wazo alikuwa Nick Hughes, na aliyekuja Kenya mwaka 2005 kulitekeleza ni Susie Lonie. Mpango ulieleweka: wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wapokee mkopo kwa simu na kulipa marejesho kwa simu, gharama za kushika noti zipungue, taasisi ikopeshe watu wengi zaidi. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Walipewa simu na kufundishwa namna ya kutumia menyu na namba ya siri.

Kwa upande wa mkopo, mambo yalikuwa mazito. Mikopo ya vikundi inategemea mkutano. Wanachama hukutana, hudhaminiana, na anayechelewesha marejesho huulizwa mbele ya wenzake. Anayelipa kwa simu hana tena sababu ya kuja, na kikundi kisichokutana hakina namna ya kumbana mtu. Juu ya hayo, hesabu za simu hazikuoana vizuri na vitabu vya Faulu, ikawa kazi ya mkono kuzilinganisha. Mkaguzi ambaye angeupima mradi kwa lengo lililoandikwa kwenye ombi la fedha angesema unasuasua.

Waliokuwa wakiuendesha walifanya jambo la ziada: walitazama pesa zinakwenda wapi. Kuna mteja aliyemlipia mwenzake marejesho, na mwenzake akamlipa kwa kumfanyia kazi. Wafanyabiashara walikuwa wakilipana wao kwa wao. Wengine walifanya akaunti kuwa kasha la usiku, kwa kuwa benki zilifungwa mapema na duka la wakala, anayepokea na kutoa pesa za M-Pesa, lilikuwa bado wazi. Msafiri aliweka pesa mji mmoja na kuzitoa mji mwingine saa chache baadaye, asibebe noti ndani ya matatu. Na wapo walionunua kredo kwa M-Pesa wakaituma moja kwa moja kwa jamaa shambani. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kwenye mafunzo.

Hapo ndipo viongozi wengi hukosea. Mteja akitumia kifaa nje ya maelekezo, ofisi huita matumizi mabaya na kuziba mwanya. Hughes, Lonie na uongozi wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoendesha huduma hiyo, chini ya Michael Joseph waliyachukua matumizi hayo kuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Mkopo ukaachwa. Huduma ikazinduliwa nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, ikiwa na ahadi moja tu: tuma pesa nyumbani. Nasema uamuzi huu ulihitaji ujasiri zaidi kuliko kuandika programu, kwa maana mtu aliyepewa fedha za wafadhili kwa lengo moja alikubali kusema lengo hilo si lenye nguvu zaidi.

Ahadi ile ilifanya kazi kwa sababu haikumfundisha mtu tabia mpya. Watu wa mijini walikuwa wanatuma pesa nyumbani tangu zamani: kwa dereva wa basi, kwa Posta, kwa ndugu anayesafiri. Tangazo liliwaonyesha njia nyingine ya kutimiza wajibu walioujua.

Kazi ya uuzaji iliyobaki ilifanywa na jedwali la ada. Kuweka pesa kulikuwa bure. Kumtumia aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, na kumtumia asiyesajiliwa kuligharimu 75 au zaidi. Mpokeaji asiyesajiliwa, kwa upande wake, alitoa pesa bila kukatwa chochote. Pima akili iliyomo humo: anayeumia ni yule ambaye tayari ni mteja, hivyo yeye mwenyewe atampigia simu mama na kumwambia ajisajili. Kampuni ilipata maelfu ya wahamasishaji bila kuwalipa.

Wakala naye alifikiriwa. Alilipwa kamisheni mteja anapoweka pesa ingawa mteja hakatwi, la sivyo asingekuwa na hamu ya kupokea amana. Kamisheni ya kusajili haikutolewa yote siku ile ile. Sehemu yake ilisubiri mteja huyo aweke pesa, ili majina hewa yasiwe na faida. Na floti, yaani pesa za mtandaoni za kuwapa wateja wanaoweka, aliinunua mapema kwa fedha zake, kwa hiyo hakuna shilingi iliyotembea mtandaoni bila shilingi halisi kukaa benki katika akaunti ya dhamana. Mpangilio huo ulisaidia Benki Kuu ya Kenya kutoa barua ya kutokuwa na pingamizi Februari 2007. Mwaka wa kwanza ulipokamilika, waliosajiliwa walizidi milioni mbili.

Kunakili mafanikio hayo katika nchi nyingine ni jambo jingine. Afrika Kusini M-Pesa ilifunguliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano na benki ya Nedbank, ikafungwa 2016. Huko wengi walikuwa na akaunti za benki tayari. Tanzania, kampuni ya simu ya Vodacom iliianzisha Aprili 2008, na mwendo ukawa wa polepole mwanzoni. Soko liligawanyika kati ya kampuni kadhaa, hakuna iliyokuwa na ukubwa wa Safaricom, na mtu wa Mwanza mwenye laini moja mara nyingi alikuwa na ndugu wa Mbeya mwenye laini nyingine.

Mgawanyiko huo ukazaa ubunifu wa Kitanzania. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia watumiaji wa Tigo Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, faida inayotokana na akaunti ya dhamana, na mwaka huo huo Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana pesa zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom ilijiunga 2016. Kenya, ambako mtandao mmoja ulikuwa umeshika karibu soko zima na shinikizo la kuvuka lilikuwa dogo, ilifikia hatua hiyo mwaka 2018.