Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi Atoaye Hewa Katika Rejeta

Kazi nyingi za gereji hujidhihirisha papo hapo, kwani breki hushika au hazishiki, na taa huwaka au haziwaki. Lakini kazi ya kutoa hewa katika njia za maji ya injini ina hadaa yake, maana fundi hodari na fundi wa kubahatisha wote wawili humkabidhi mwenye gari rejeta iliyojaa hadi shingoni, na tofauti baina yao haibainiki ila baadaye, aghalabu mlimani, mshale wa joto unapoanza kupanda. Atakaye kuujua ustadi wa kazi hii, basi, sharti aitazame inapofanywa.

La kwanza la kutazama ni kama fundi anapima. Maji ya zamani yanapomwagwa, fundi mwenye maarifa huyakinga kwa beseni, akayapima, kisha akayalinganisha na yale anayoyarudisha. Kwani zikitoka lita 6 na zikaingia lita 4 na nusu tu, hapana haja ya kubishana: ile lita moja na nusu iliyopungua, mahali pake pamekaliwa na hewa, iwe katika silinda hedi, iwe katika hita, iwe nyuma ya thamostati. Ni jambo ambalo hata mtoto aweza kulifanya, na bado ni nadra kuliona, nami nikiliona huwa nimekwisha kumwamini fundi yule nusu nzima.

Kisha tazama mkono unaomimina. Mkono mzuri humimina kidogo kidogo, na ule wa pili ukiminya mpira wa juu na wa chini wa rejeta ili mapovu yapande, ilhali pua ya gari imeinuliwa hata mdomo wa rejeta ukawa juu kuliko sehemu nyingine zote za njia ya maji. Magari nayo yana tabia mbalimbali: Subaru nyingi zina kizibo kidogo pembeni juu ya rejeta, ambacho hulegezwa mpaka maji yatoke bila povu, BMW ya namna ya E46 ina skrubu yake karibu na kifuniko cha tangi la maji, na ile Toyota Noah ya zamani, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, ina mipira mirefu yenye maficho mengi. Fundi akiiulizia bisibisi ya skrubu ya kutolea hewa kabla hajagusa dumu la maji, ujue gari lililo mbele yake analifahamu.

Hapo ndipo subira hupimwa. Ndani ya thamostati mna nta ambayo huyeyuka na kuifungua njia joto lifikapo takriban digrii 82 hadi 88, na kabla ya hapo maji ya injini na ya rejeta hayajachanganyika barabara; kwa hiyo afungaye kifuniko mapema amefungia hewa ndani kwa mkono wake. Hita nayo iwe imewekwa kwenye joto la mwisho, jambo ambalo mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam hulisahau kwa kuwa pwani hakuna aitakaye. Muulize tu, “Fundi, hita umeifungua?” Akijibu, “Ya nini, mzee, na joto lote hili?” umekwisha kujibiwa. Hita itoayo hewa moto mfululizo gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma polepole ni ithibati njema. Itoayo moto kisha baridi, na maji yakasikika yakikoroma nyuma ya dashibodi, bado imebeba hewa. Mshale wa joto usiufanye shahidi pekee, kwani sensa ikizungukwa na hewa badala ya maji husema uongo, na hewa hupitisha joto kwa uchache zaidi ya mara 20 kuliko maji, hata hedi ikapinda mshale ukiwa umetulia.

Wapo waiondoao thamostati kabisa na kuziunganisha njia za hita zenyewe kwa zenyewe, wakiita hiyo dawa. Mimi naiita kuikimbia kazi.

Fundi wa kweli hukuambia urudi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kwani kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa moto. Maji yakiwa yamepungua kidogo, hiyo ndiyo hewa ya mwisho iliyotoka usiku, naye hujaza akaukagua mpira wa kifuniko; maana Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wake, maji ya wazi huchemka karibu na digrii 95, na shindikizo la kifuniko kizima ndilo liyazuialo kuchemka. Lakini mapovu yakizidi kutoka kila injini ikivutwa moto, na mpira wa juu ukawa mgumu hata baada ya kulala baridi, hiyo si hewa iliyosalia bali ni gesi ya silinda ipitayo penye gasketi, na hapana kumimina kutakakoiponya. Fundi akuambiaye hayo huku akilifunga dumu lake, ilhali angeweza kukurudisha siku tatu mfululizo kwa ujira uleule, mlipe ya asubuhi hiyo pia.