Lugha Moja, Masikio Mawili

Tarehe 23 Septemba 1980, katika ukumbi wa Guildhall mjini Derry, Ayalandi ya Kaskazini, waigizaji walipanda jukwaani wakazungumza Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, ukiacha Kilatini na Kigiriki cha hapa na pale. Waliokaa vitini wakasikia lugha mbili. Hapakuwa na mkalimani pembeni wala maandishi ukutani. Tamthilia ni Translations ya Brian Friel, na sijaona fundi wa jukwaa aliyefanya makubwa kuliko hayo kwa vifaa vichache hivyo.

Tupo mwaka 1833, Baile Beag, kijiji cha kubuni huko Donegal. Watu wazima wanasoma ndani ya banda kuukuu la ng'ombe, na wanafundishwa kwa Kiayalandi. Wanajeshi wa Uingereza wamekuja kupima ardhi na kuchora ramani. Kila kilima na kijito kinapewa jina jipya la Kiingereza. Lis na Muc, boma la nguruwe, panaitwa Swinefort. Anayewasaidia kutunga majina hayo ni Owen, mtoto wa mwalimu. Wanajeshi wanamwita Roland, naye anachelewa kuwasahihisha.

Ujanja wenyewe ni huu: wanakijiji wanasema Kiayalandi, wanajeshi wanasema Kiingereza, lakini sisi tunasikia Kiingereza kwa wote. Tunawaelewa wote, wao hawaelewani. Usiku mmoja Maire, msichana wa kijijini, na Luteni Yolland wa wapimaji wanatoroka dansini. Maire anajaribu Kilatini. Luteni anadhani ndicho Kiayalandi. Mmoja anasema jambo, mwenzake anasema lilelile, na hakuna anayejua kwamba amejibiwa. Unacheka, kisha unaona haya kucheka. Mwisho wanaachana na sentensi, wanatajiana majina ya mahali, moja baada ya jingine, huku wakisogeleana. Ni majina yaleyale ambayo mchana luteni analipwa kuyafuta.

Friel aliandika katika shajara yake kwamba alitaka tamthilia ihusu lugha tu. Haya, lakini tazama alikoizindulia. Guildhall ilikuwa makao ya baraza la mji, na baraza hilo kwa miongo mingi lilishikwa na wafuasi wa muungano na Uingereza ilhali wakazi wengi walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1972 jengo hilo lilipigwa mabomu. Hata mji una majina mawili, Derry na Londonderry. Ukitaja moja, watu wamekwisha kujua uko upande gani.

Nimejaribu kuisikia kichwani kwa Kiswahili, nikashindwa. Kiswahili katika vinywa vyote kingetupa kichekesho, kidonda kingebaki Derry. Kidonda kimo ndani ya lugha ya jukwaa yenyewe: Waayalandi wanaigiza kusema Kiayalandi kwa Kiingereza, kwa kuwa wangekisema chenyewe, wengi ukumbini wasingeambulia kitu.

Mwanahistoria J. H. Andrews, aliyeichimba kwa kina kazi hiyo ya ramani, aliilaumu tamthilia: wapimaji wale hawakuwa watu wa kufukuza wanavijiji majumbani. Ana haki, na Friel hapo alitia chumvi. Lakini bila chumvi hiyo tusingepata dakika ninayoipenda kuliko zote. Yolland ametoweka. Kapteni Lancey anakuja bandani kutangaza kwamba asipopatikana, mifugo itauawa, kisha nyumba zitabomolewa. Anasoma orodha ya sehemu zitakazobomolewa, kwa majina mapya. Hakuna anayejua ni kwake au kwa jirani. Basi Owen, aliyelainisha maneno ya kapteni huyuhuyu siku ya kwanza ili yasiwaudhi wenyeji, sasa anatafsiri bila kupunguza. Swinefort, anasema Lancey. Lis na Muc, anasema Owen. Kwa kinywa chake anayarudisha majina aliyoyazika mwenyewe.

Kisha kapteni anamgeukia Sarah. Kijiji kilimhesabu kuwa bubu, hadi tamthilia ilipofunguliwa tukamwona akifundishwa, kwa jasho na subira, kutamka jina lake, naye akaliweza. Lancey anamuuliza yeye ni nani. Sarah anafungua mdomo, anajaribu, anajaribu tena. Sauti haitoki.