Ngazi ya Migongo ya Wenzao: Fani na Maudhui katika Final Fantasy Tactics

Mgogoro baina ya fani na maudhui ni suala kongwe katika uhakiki. Mshairi aweza kutimiza mizani zote kwa kupachika silabi za kujazia, asivunje hata kanuni moja ya arudhi, na bado utungo wake ukawa mtupu. Suala hilo hujitokeza katika Final Fantasy Tactics, mchezo wa video wa mbinu za kivita ulioongozwa na Yasumi Matsuno na kutolewa na kampuni ya Square huko Japani mwaka 1997. Makala haya yanachunguza hila mashuhuri ya wachezaji wake, ile ya kujipandishia ngazi, na kuonyesha kwamba hila hiyo ni namna ya kuisoma kazi yenyewe, tena namna inayoipinga.

Kifani, askari hupata alama za uzoefu kwa kila tendo linalofaulu, na alama 100 humpandisha ngazi moja. Kanuni haiulizi tendo limemlenga nani. Basi mchezaji mwerevu huwaangamiza maadui wote ila mmoja, humdhoofisha huyo aliyebaki, pengine kwa kumgeuza chura, kisha huwaamuru askari wake wapigane na kutibiana wao kwa wao, zamu baada ya zamu. Faida ya vita hivyo imo katika kutokwisha kwake. Kwa kuwa maadui wengi wa hadithi kuu wana ngazi zisizobadilika, jeshi hilo hurejea kwenye hadithi likiwa na nguvu kupita kiasi.

Kimaudhui, hadithi huanza baada ya Vita vya Miaka Hamsini. Askari wa tabaka la chini waliovipigana wameachishwa bila ujira, nao wameasi chini ya uongozi wa Wiegraf. Ramza, mwana wa ukoo wa kikabaila, anatumwa kuwakandamiza akiwa na rafiki yake Delita, mtoto wa makabwela. Dada yake Delita anapotekwa na waasi, anapigwa mshale na mwanajeshi wa upande wa Ramza mwenyewe. Tangu hapo Delita anaapa kutotumiwa tena, na anageuka mtumiaji wa watu hadi anatwaa ufalme.

Dhamira hii si ngeni Lanet. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya huko, karibu na Nakuru, wakilalamikia mishahara na kuendelea kuongozwa na maafisa Waingereza. Uasi ulizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, na kikosi kikavunjwa. Historia hiyo na ngano ya Ivalice hazilingani katika mengi, ila swali ni moja: mbeba silaha anamdai nini anayemwamuru?

Hapa ndipo hila inapofichua udhaifu wa kazi. Askari wa kuajiriwa katika jeshi la Ramza wana majina, lakini hawana kauli katika hadithi. Ujasiri wa askari ukishuka mno, huweza kulitoroka jeshi. Lakini kipigo cha mwenzake hakimpunguzii ujasiri huo. Kanuni inatambua hofu, haitambui manung'uniko. Wiegraf amepewa sauti ya kudai haki. Walio chini ya Ramza hawakupewa.

Yaweza kudaiwa kwamba mchezaji hana hatia, kwani mchezo wenyewe humsukuma: katika ngome ya Riovanes, Ramza hulazimika kumkabili Wiegraf peke yake, na asiyejiandaa huangamia. Hoja hii ina uzito, lakini inahalalisha maandalizi tu. Haifuti maana ya njia iliyotumika. Anayewapandisha askari wake kwa kuwapigisha wenyewe kwa wenyewe amemfanya Ramza atende kama Delita, ilhali hadithi inaendelea kumsifu kwa kukataa njia hiyo.

Kwa hiyo, ufanisi wa kazi hii una mpaka. Matsuno amefaulu kuonyesha mfumo unaowatumia wanyonge, lakini kanuni za mchezo zinautuza mfumo ule ule. Delita naye, baada ya kutwaa taji, huchomwa kisu na malkia wake mwenyewe, Ovelia. Mchezaji aliyepanda kwa migongo ya wenzake hafikwi na lolote.