Spesa ya Pumu Huoshwa kwa Sabuni, Haisuuzwi

Jikoni, chombo hakijatakata mpaka povu lote liishe. Spesa, ile chemba ya plastiki inayounganishwa na inhela ya mtoto mwenye pumu, ina utaratibu wake. Hufunguliwa, ikalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, ikatolewa na kuachwa ikauke yenyewe. Haisuuzwi wala haifutwi. Mzazi anayeisugua kwa taulo mpaka ing'ae anaweza kumpunguzia mtoto dawa bila kujua.

Plastiki ikisuguliwa hujaa umeme tuli, ule unaofanya nywele zinate kwenye kitana. Inhela inapobonyezwa, umeme huo huvuta chembe za salbutamol, dawa iliyo ndani yake, hasa zile ndogo za chini ya mikromita 5 ambazo ndizo hufika ndani ya mapafu. Mtoto anavuta pumzi, lakini sehemu ya dozi imeganda kwenye kuta za spesa. Sabuni iliyokaukia humo huacha utando mwembamba unaouondoa umeme. Watafiti wa Perth, Australia, walilipima jambo hilo katika miaka ya 1990, wakaona spesa zilizooshwa hivyo zikipitisha dawa nyingi zaidi.

Kwa familia zisizomudu spesa ya dukani, ipo njia iliyojaribiwa Cape Town. Mtafiti Heather Zar na wenzake walitoboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa waya wa moto, wakapachika inhela na kuziba kwa gundi. Mtoto huvutia dawa kwenye mdomo wa chupa. Jaribio lao, lililochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1999, lilionyesha kuwa chupa hiyo ilisaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na spesa ya kiwandani. Kati ya vyombo walivyolinganisha, kikombe cha polistairini ndicho kilichofanya vibaya zaidi.

Chupa nayo ni plastiki, kwa hiyo huoshwa vilevile: kabla ya kutumiwa mara ya kwanza, kisha takriban mara moja kwa mwezi.

Sehemu inayogusa mdomo au uso pekee ndiyo hufutwa sabuni kabla ya matumizi. Kuitakasa spesa nyumbani kwa kuchemsha au klorini hakufai: kuchemsha kunaweza kupinda plastiki na kuharibu valvu, na harufu ya klorini huchokoza njia za hewa ambazo tayari ni nyepesi kubana. Hospitalini, spesa inayopita kwa wagonjwa wengi lazima itakaswe. Nyumbani, kinga ni kila mgonjwa kuwa na yake. Spesa za chuma, na za plastiki zilizotengenezwa zisishike umeme, hufuata maelekezo ya kiwanda.

Na kama mtoto amebanwa ghafla na spesa mpya haijaoshwa, hakuna haja ya kusubiri ikauke. Dawa hupulizwa ndani mara kadhaa kwanza ili ipake kuta, kisha mtoto hupewa dozi yake.