Udongo Uliokwisha Kukauka: Mazoea na Makuzi ya Mtu Mzima katika Wasifu wa Siti binti Saad, kwa Jicho la Msomaji wa Buhinyuza

Ikisiri

Makala hii inahakiki Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert kama simulizi ya mtu mzima aliyejenga mazoea mapya, akabadili kazi na hadhi yake. Hoja kuu ni kwamba msimulizi anayahusisha makuzi hayo zaidi na tabia njema ya Siti, ilhali maisha yenyewe yanaonyesha pia nguvu ya watu waliomfundisha, waliofanya naye mazoezi na waliomsikiliza. Tofauti hiyo ina uzito kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili wa Buhinyuza, katika eneo la Muyinga, Burundi.

Utangulizi

Wahenga walisema udongo uwahi uli maji. Methali hiyo imebeba nadharia kamili ya malezi: tabia hufinyangwa utotoni, na anayechelewa hupata chombo chenye ufa. Maisha ya Siti binti Saad yanaipinga. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na umri wa takribani miaka thelathini, bila elimu ya shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Alipofariki mwaka 1950, jina la Siti lilikuwa limelifunika lile la kwanza.

Katika saikolojia ya leo, Carol Dweck, kwa kitabu chake Mindset cha 2006, amesisitiza kuwa anayeamini kwamba uwezo hukuzwa hustahimili kushindwa kuliko anayeuona uwezo kuwa kitu cha kuzaliwa nacho. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, maandishi mengi ya hamasa yanayofuata mkondo huo huipunguza ikawa agizo kwa mtu mmoja: jiamini, amka mapema, rudia kila siku. Wasifu wa Siti unatoa nafasi ya kulipima agizo hilo.

Mazoea na waliomzunguka

Kabla ya kuwa mwimbaji, Siti alikuwa mchuuzi wa vyungu. Mchuuzi hutembea mwendo mrefu, hupaza sauti isikike ndani ya nyumba, na huirudia pasipo kuchoka. Kwa hiyo, pumzi na sauti yake zilikuwa zimekwisha kupata mazoezi ya miaka mingi yaliyotokana na riziki, bila yeye kukusudia muziki. Hapa mazoea yanatangulia lengo. Fundisho hili ni kinyume cha ushauri uliozoeleka, unaomtaka mtu aanze kwa kutaja lengo ndipo atafute mazoea ya kulifikia.

Lakini sauti ya mchuuzi haikutosha kumfanya mwimbaji wa taarabu. Mjini alikutana na Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Akajiunga na wanamuziki kama Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Kwa mtu asiyejua kusoma, kujifunza wimbo ni kuusikia, kuurudia na kusahihishwa mbele ya wenzake. Katika hali hiyo nidhamu haiwezi kuwa siri ya mtu chumbani mwake. Ustadi wa Siti ulikuwa wake, lakini ulikomaa mikononi mwa kikundi.

Sauti ya msimulizi

Shaaban Robert, kama ilivyo desturi yake, huchanganya habari na mawaidha. Siti anasimuliwa kama mtu asiyekuwa na nasaba, elimu wala sura ya kusifiwa, aliyeinuliwa na juhudi na adili. Nguvu ya mkabala huu ni kwamba unamvua mfinyanzi dharau: thamani ya mtu inahamishwa kutoka ukoo hadi tendo. Udhaifu wake ni kwamba mawaidha huifunika kazi. Msomaji anaondoka akijua kuwa Siti alikuwa mvumilivu, bila kuona vya kutosha jinsi uvumilivu huo ulivyofanyika: wimbo mgumu ulichukua muda gani, nani alisahihisha, nini kiliachwa. Sifa bila utaratibu humwachia msomaji hamu ya kuwa kama Siti, lakini haimwonyeshi pa kuanzia.

Msomaji wa Buhinyuza

Nchini Burundi ufinyanzi umehusishwa kwa muda mrefu na Batwa, jamii iliyotengwa. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Buhinyuza akisoma kuhusu binti wa wafinyanzi aliyedhihakiwa kwa asili yake, hasomi habari ya mbali. Anajua chungu kinanunuliwa na nani na mfinyanzi hukaribishwa wapi. Vilevile anaijua taasisi ya ubushingantahe, ambamo mtu alichunguzwa kwa muda mrefu, akaongozwa na waliomtangulia, ndipo akaapishwa hadharani. Taasisi hiyo ilikubali kwamba tabia hujengwa mbele ya mashahidi. Lakini kwa desturi Batwa hawakupewa nafasi hiyo. Jamii inayokuza ndiyo hiyo hiyo iwezayo kufunga mlango, na mtu aliyefungiwa mlango hatatibiwa kwa kuambiwa ajiamini.

Jambo hili linamgusa pia mwalimu aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa, akakutana na Kiswahili ukubwani, na sasa anatakiwa kukifundisha. Udongo wake umekwisha kukauka, methali ingesema. Wasifu wa Siti unamwonyesha kuwa bado anaweza kujifunza, lakini pia kwamba anahitaji Ali Muhsin wake: mwenzake wa kumsahihisha, kikundi cha kusoma kwa sauti kila juma, na ruhusa ya kukosea bila kuchekwa.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa Wasifu wa Siti binti Saad ni hazina ya fikra kuhusu makuzi ya mtu, mradi usomwe kwa kutenganisha mawaidha ya msimulizi na mwenendo wa maisha anayoyasimulia. Inapendekezwa kwamba darasani swali la kwanza lisiwe Siti alikuwa na sifa gani, bali alifanya nini kila siku, pamoja na nani, na nani alikuwa tayari kumsikiliza alipokuwa bado anakosea.