Paa la Kitalu Mibirizi

Mibirizi, wilayani Rusizi, ni mahali palipoipa aina moja ya kahawa jina lake. Mapadri Weupe walifungua misheni hapo mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne ya 20 mbegu za arabika zenye asili ya Guatemala zikapandwa kwao. Uzao wake ulienea Rwanda na Burundi, na hadi leo aina hiyo huitwa Mibirizi. Wengi humsifu anayekaanga kahawa na anayeionja. Mimi namsifu aliyeezeka kitalu.

Mbegu ya kahawa hukaa udongoni wiki sita hadi nane kabla ya kuchomoza, penye baridi hata zaidi. Huku hakuna theluji. Lakini usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa haina wingu, udongo huachilia angani joto uliloshiba mchana. Kwa hiyo paa lina kazi zinazovutana: mchana lipunguze jua, usiku lizuie joto lisitoroke, na masika likate makali ya matone.

Fundi anayejua huchagua makangaga, yale ya vilimani yenye majani yaliyochanikachanika tangu kuumbwa. Migomba imejaa kila boma, ila jani lake likikauka hujikunja na kupasuka, na mvua ikinyesha hukusanya maji na kuyamwaga pamoja, mche ukabaki mizizi nje. Nyasi ni afadhali, lakini zikikatwa zimeshazaa, hupukutisha mbegu juu ya matuta na palizi haiishi. Kangaga hukauka bila kupukutisha vijani vyake. Mwanga hupita katikati yake kwa vidoa vidogo vinavyohama na jua, hivyo hakuna jani linalochomwa mahali pamoja. Na miche ikikaribia kuhamishiwa shambani, fundi huchomoa makangaga konzi kwa konzi, wiki baada ya wiki, mpaka miche izoee jua kali. Hapo ndipo ninapouona ustadi wenyewe: paa linalopungua kadiri mche unavyokua.

Nguzo ni za mkaratusi, zimemenywa magome na kuunguzwa miguuni kwa ajili ya mchwa.

Siidharau nailoni ya kuezekea. Kitalu nyumba chake huyakinga majani ya nyanya yasilowe, na ugonjwa wa bakajani hupenda majani yaliyolowa. Lakini mnunuzi huitazama mchana dukani, akafurahia inavyong'aa, ilhali inapaswa kupimwa kwa usiku. Nailoni ya kawaida hupitisha sehemu kubwa ya joto la udongo. Kioo hulizuia, ijapokuwa ni kizito na ghali. Nailoni isiyotiwa kinga ya mionzi ya jua hukakamaa na kupasuka mapema. Huko Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian lilitumia joto la ardhini kupasha vitalu nyumba usiku na kukausha unyevu. Rusizi mkulima wa kawaida hana joto hilo; ana mapazia ya pembeni, ayashushe jua likiwa bado na nguvu, si giza likishaingia.

Kwa nyanya, basi, ningenunua nailoni yenye kinga, hata kama bei yake inanilazimu kujenga kitalu kidogo. Kwa miche ya kahawa ningepanda kilimani na panga, nikakate makangaga.